Uvungu Usiofika Shubiri

Tangu nirudi, nikikaa tu pale tunapokunywa chai, mtu ananisogezea kiti na kuniuliza gari liko wapi. Nimesimulia mara nyingi, na kila mara mmoja wenu anacheka kabla sijafika panapochekesha, na mwingine ananikatiza kunieleza jinsi yeye alivyopita hapo kwa lori. Basi nimeandika. Someni mkiwa mmekaa, na mkitaka kucheka chekeni, lakini mjue mimi sikucheka. Niliogopa tangu nilipowasha gari hadi niliporudi nyumbani kwa miguu, na hofu yenyewe haijaniisha sawasawa.

Mnanijua. Ukoo wetu ni wa malori. Babu yetu aliletwa hapa na jeshi la Mwingereza, akaishia kununua lori, na watoto na wajukuu wake wote wakaingia kwenye usukani isipokuwa mimi niliyeingia kwenye vitambaa. Nilipopata kigari changu cha kwendea dukani na msikitini, kaka yangu Adan hakufungua boneti wala hakuuliza habari ya injini. Alipiga goti, akaweka kidole gumba chini na kujaribu kunyoosha shubiri yake hadi kwenye chuma cha chini ya mlango. Mkono haukupata nafasi ya kunyooka. "Hii gari haina uvungu," akasema. "Hii ni ya kuzunguka sokoni." Tangu siku hiyo nyumbani kwetu gari langu likaitwa la kuku, na mimi mwenye kuku.

Mjini nimeshazoea. Najua tuta gani la barabara nilipande kimshazari, gurudumu moja moja, na shimo gani nilizunguke hata kama nyuma yangu watu wanapiga honi. Sipakii watu wanne. Mwenye gari fupi huishi kama mwenye paa linalovuja, macho yake yako mahali pamoja tu.

Kutoka mjini, gari tupu

Asubuhi hiyo simu ilitoka kwa daktari wa zahanati ya kule Rapsu, kwenye mashamba ya kumwagilia. Mama mkwe wangu ana ugonjwa wa sukari, na kidonda alichokuwa anakificha mguuni kilikuwa kimeanza kunuka.

"Mlete Isiolo leo," daktari alisema. "Gari yetu imetoka na mgonjwa mwingine. Mkingoja kesho, mimi siwezi kuwaahidi huo mguu utabaki."

Mke wangu, Talaso, alikuwa ndani ya arobaini yake, mtoto mchanga kifuani. Ndugu zake wako malishoni, simu zao hazishiki. Adan alikuwa Moyale na Lendikruza yake, wengine mbali zaidi. Kilichobaki uani ni kigari changu, na aliyebaki ni mimi.

Sasa kwa wale ambao hamkuoa kwa Waborana wa upande ule, nieleze jambo moja, maana safari nzima imekalia jambo hilo. Kwa watu wa mke wangu, hasa wa umri wa mama yake, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Simtaji kwa jina. Simtazami usoni. Nikiwa na neno nampa mtu wa tatu, naye humpelekea, hata kama sote tumo chumba kimoja na kila mtu amesikia. Katika miaka yote ya ndoa yangu, sijawahi kumwambia mama yule neno likaenda moja kwa moja. Ndiyo maana Talaso aliegemea dirisha la gari akaniambia, "Mchukue Kabale, jirani yake, akae na mama huko nyuma." Halafu akaniambia niendeshe polepole. Hakuniambia nisiogope, kwa sababu ananijua.

Kwenda hakukuwa na neno kubwa. Lami ipo, halafu haipo, halafu unaelekezwa kwenye mchepuko ambao malori yameuchimba mitaro miwili na kuacha mgongo wa changarawe katikati. Mgongo huo ndio adui wa gari fupi. Lori linaupita bila kujua upo. Mimi nilipoingia mitaroni nilisikia chini yangu kitu kinakwaruza kama mtu anaparura sufuria kwa kijiko. Nikapanda juu: magurudumu ya kulia kwenye mgongo, ya kushoto kwenye ukingo, gari limeinama upande mmoja. Nilifika kijiji cha Kula Mawe shingo imekaza, na mwenye kibanda aliponiwekea chapati na maharagwe nilishindwa kumaliza. Kati ya hapo na Kinna nilivuka laga, mkondo mpana wa mchanga usio na maji. Nilikimbiza gari nikavuka bila kusimama. Lakini gari lilikuwa tupu, na upande wa pili nilisimama nikatazama nyuma na kujiuliza nitarudi vipi nikiwa na mzigo.

Rapsu, na zawadi

Mimi nilifuata mtu mmoja na mguu wake. Nilikuta ua umejaa watu.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, shali kichwani, mguu umefungwa vitambaa hadi kifundoni na kuwekwa juu ya kigoda. Niliinamisha macho, nikasalimu ardhi. "Salaam aleikum." Kabale, mama mnene wa maneno mengi anayeuza mapapai, alijibu kwa niaba ya wote na kuniambia ninywe chai kwanza. Nilikunywa nimesimama. Nilipogeuka kutazama gari, nyuma lilikuwa limeshafunguliwa na watu wanapakia.

Waliingiza gunia la mahindi. Wakaingiza mapapai, wakaingiza mkungu wa ndizi uliokatwa vipande viwili ili uenee, na dumu la maziwa. Mwisho akaletwa mbuzi jike wa maziwa, miguu imefungwa.

"Kabale," nikasema, "mwambie Mama gari ni ndogo."

Kabale akamgeukia, wakazungumza kwa Kiborana, akarudi kwangu. "Anasema na mbuzi pia ni mdogo."

"Mwambie barabara ni mbaya. Gari ikilemewa inashuka chini, itagonga."

Wakazungumza tena, safari hii kwa muda. "Anasema binti yake amezaa. Bibi hawezi kufika kwa mjukuu mikono mitupu kama mtu aliyefukuzwa kwao. Anasema kama ni uzito, yeye abaki, zawadi ziende."

Mtanishauri leo mlivyo na chai mkononi. Siku ile ua mzima ulikuwa unanitazama, na mimi ni mkwe. Nikafungua mlango wa nyuma. Mama mkwe akasaidiwa kuingia kiti cha nyuma, si mbele, maana hawezi kuketi bega kwa bega nami, na Kabale akaingia kando yake. Nikasikia springi za nyuma zikilia. Nilijifanya kufunga kamba ya kiatu, nikapenyeza mkono chini ya bampa. Kiganja kilichosimama kwa ubavu kilipita kwa shida. Harufu ya kidonda nayo ilikuwa imeshajaa ndani ya gari.

Jambo jingine nililofanya, kwa heshima, ni kukigeuza kile kioo cha katikati kitazame juu. Bila hivyo ningeendesha nikiutazama uso wake njia nzima. Basi nikaondoka Rapsu bila kuona chochote kilicho nyuma yangu.

Kinna, tulipobaki wawili

Niliendesha kama mtu aliyebeba mayai kwa meno. Kila jiwe lilikuwa na jina lake. Kabale alizungumza mfululizo na hilo lilinisaidia, kwa sababu kila gari lilipogonga chini yeye alisema "Bismillahi" na kuendelea na hadithi ya jirani na mtaro wa maji. Mama mkwe nilimsikia tu akivuta pumzi kwa meno, kila tulipotikisika.

Tulipofika Kinna simu ya Kabale ikalia. Alisikiliza, kisha akanyamaza, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu nimjue.

"Ndovu wamevuka mtaro," akasema. "Wako kwa mapapai yangu. Watoto wako peke yao nyumbani."

Rapsu imepakana na mbuga, na ndovu wakiingia shambani mchana, mtu hawezi kuendelea na safari. Alimwambia mama mkwe kwa Kiborana, wakashikana mikono, akashuka. Nilimfuata hadi kwenye bodaboda.

"Kabale, nitaongea naye vipi?"

"Hakuna kitu ya kuongea. Ni barabara tu. Peleka mama hospitali." Akapanda, wakaondoka wakitimua vumbi. Nami nikabaki nimesimama katikati ya soko, na ndani ya gari langu kulikuwa na mtu ambaye sina ruhusa ya kumsemesha.

Hapo ndipo nilipokutana na Mutwiri, Mmeru mwembamba aliyekuwa akipakia vitunguu kwenye lori. Alikuwa amelitazama gari langu kwa muda.

"Mkubwa, hako kagari kako kamekalia nyuma," alisema. Akachuchumaa akatazama chini, akatikisa kichwa. "Unaenda Kula Mawe? Hapo kwa laga usipite na watu. Shusha kila mtu, watembee, gari ipite tupu. Hata mzigo toa. Na uangalie huko." Akanyoosha kidole kusini, kwenye milima ya Nyambene. Juu yake kulikuwa na wingu jeusi. Kinna ilikuwa na jua kali.

"Hapa hakuna mvua," nikasema.

"Hapa hakuna. Maji haiulizi hapa." Halafu akasema, "Ama ungoje. Nimalizie kupakia, niwabebe mimi. Mama akae mbele."

Nilitazama mlango wa lori lake. Ulikuwa juu ya kichwa changu. Mama mkwe asingeupanda bila wanaume wawili kumsukuma kwa nyuma. Nani angemgusa? Na magunia yaliyobaki chini yalikuwa mengi. Nilimwuliza atamaliza saa ngapi, akasema vitunguu vinajua vyenyewe. Niliposogea kwenye gari harufu ilinipiga usoni, nikakumbuka sauti ya daktari. Nikaondoka.

Kutoka pale kulikuwa kimya. Gari lilipogonga, hakuna aliyesema Bismillahi. Nilikuwa nikisikiliza pumzi nyuma yangu, na injini ikizidi siisikii, na nisipoisikia moyo unanipaa. Je, amelala? Amezimia? Sukari ikishuka mtu huondoka taratibu, hivyo nilikuwa nimesikia. Sikuweza kugeuka. Sikuweza kuuliza. Nikaanza kukohoa ovyo ili naye akohoe, na hakukohoa. Mbuzi ndiye aliyejibu.

Laga

Laga ilikuwa vilevile, mchanga mweupe, mkavu, mpana kama uwanja wa mpira. Nikasimamisha gari ukingoni.

Nilijua la kufanya. Mutwiri alikuwa ameniambia, na hata bila yeye macho yangu yaliona alama za malori zilivyochimba mchanga na kuacha mgongo katikati. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: Mama, shuka kidogo, nivushe gari. Nilifungua mdomo nikiwa nimetazama usukani. Ulimi ulikataa. Kumwambia mama mkwe ashuke, atembee kwenye mchanga wa moto na mguu ule, kwa sababu gari la mkwe wake halina nguvu ya kumbeba? Na nimwone akichechemea, na akianguka nimwinue kwa mikono gani?

Nikatoka, nikafungua nyuma. Nilibeba gunia la mahindi begani nikavuka nalo hadi ng'ambo. Nikarudi nikabeba mapapai, nikarudi nikabeba ndizi na dumu. Nikambeba mbuzi shingoni, naye akanikojolea mgongoni. Jua lilikuwa likinichoma na kila nikirudi nilitazama Nyambene, na kila nikitazama wingu lilikuwa limeshuka zaidi. Yote hayo niliyafanya ili nisiseme sentensi moja. Mama mkwe alikuwa ameketi ndani, shali imefunika uso, dirisha wazi, ananitazama nikienda na kurudi.

Nikaingia, nikasema Bismillahi kwa sauti, nikaliachia gari.

Liliruka vizuri mwanzo. Katikati, mahali mchanga ni laini, sehemu ya nyuma ilizama upande alioketi mama mkwe, chuma cha chini kikakaa juu ya ule mgongo, na magurudumu yakazunguka bila kugusa kitu cha maana. Nilikanyaga mafuta. Mtu yeyote wa nyumbani kwetu angeniambia nisikanyage. Gari likachimba, likashuka, likakaa kwa tumbo kama kuku anayeatamia. Nikazima injini.

Ndipo nikasikia. Mwanzoni nilidhani ni lori la Mutwiri limefika, nikafurahi. Sauti ilikuwa nzito, ya kukokota, lakini haikutoka barabarani. Ilitoka juu ya laga, kwenye kona. Halafu nikaona ulimi wa povu la kahawia unatambaa juu ya mchanga mkavu, umebeba vijiti na mavi ya mbuzi, unakuja bila haraka.

Nilifungua mlango nikaanguka nje. Nikafungua wa nyuma.

"Mama, shuka," nikasema.

Lilikuwa neno langu la kwanza kwake. Hakujongea. Alikuwa anasoma dua chini ya shali, mikono miwili imeshika kiti cha mbele. Maji yakanifikia vifundoni, yalikuwa baridi. Nikamgeuzia mgongo, nikachutama, nikamvuta mikono yake yote miwili nikaizungusha shingoni mwangu. Sikuomba ruhusa ya mtu yeyote. Nikasimama naye.

Ni mwanamke mzito. Mchanga ulikuwa ukinitoka chini ya nyayo kila nikikanyaga, na maji yalifika magotini, kisha mapajani. Mara moja nilianguka kwa goti, na miguu yake ikaburuzwa majini, akalia kwa sauti karibu na sikio langu. Nikainuka. Nilikuwa nikilia pia na sioni haya kuandika. Gogo lilipita mbele yetu, refu kama gari lenyewe. Hatimaye mkono wangu ukashika mizizi ya mti wa ukingoni, nikamsukuma juu kwa bega, nami nikajivuta nikalala kifudifudi kando ya mbuzi.

Nilipogeuka gari lilikuwa bado palepale, maji yamefika kwenye madirisha. Kisha likainuka. Siku zote nililalamika halina uvungu, na sasa lilielea, likazunguka polepole na kwenda kuegemea mti upande wa chini, pua imeangalia juu.

Ng'ambo

Hapo tulikaa. Nyuma yetu ni barabara isiyo na gari, mbele yetu ni maji ya rangi ya chai. Kabale alikuwa amenijaza ndovu kichwani, na kila kichaka kilichotikiswa na upepo kilinishtua.

Vitambaa vya mguu wake vilikuwa vimechukuliwa na maji. Nilivua shati langu nikalipasua, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, nikaushika mguu wake mimi mwenyewe. Niliuona. Kidole kidogo kilikuwa cheusi kama mkaa, kimenyauka, na nilipokibonyeza hakikubadilika. Unyayo upande ule ulikuwa umepasuka na umejaa mchanga. Nilimwosha kwa maziwa ya kwenye dumu, kwa sababu maji safi hatukuwa nayo, na sikujua kama nafanya vema au vibaya. Vidole vingine nilivibonyeza kimoja kimoja, damu ikarudi, vikawa vyekundu. Nikafunga.

Alikuwa ameondoa shali usoni. Alizungumza Kiswahili. Sikuwahi kujua anakijua.

"Wewe," alisema, "kwa nini hapana ambia mimi shuka?"

"Niliona haya, Mama."

"Mimi naona gari nakaa chini. Naona wewe nabeba mahindi, nabeba mbuzi. Nasema kwa roho, sasa atasema. Wewe hapana sema."

"Na wewe, Mama, kwa nini hukushuka?"

"Mimi nashuka aje? Mkwe ataona mama nadharau gari yake."

Nilimmenyea papai kwa vidole, sikumkatia jingi kwa ajili ya sukari, tukala pamoja tumetazamana. Kisha akaanza kutetemeka. Nikamwuliza kama anasikia baridi, akasema mguu hausikii kitu. Hilo lilinitisha kuliko maji. Kuanzia hapo niliendelea kumsemesha, chochote, habari za mjukuu, bei ya vitambaa, ili nisikie anajibu.

Maji ya laga huja kwa vishindo na kuondoka kama mgeni aliyeshiba. Jua lilikuwa limeegemea upande wa magharibi tulipolisikia lori la Mutwiri ng'ambo ya pili. Alishuka, akatembea majini akiyapima kwa fimbo, yakamfika magotini, akarudi akavusha lori. Aliliona gari langu mtini. Alinitazama, nimebaki na fulana, mwenye mkojo wa mbuzi, na hakusema neno la mzaha.

"Mama apande," alisema. "Wewe shika huku, mimi nashika huku."

"Mama, tutakushika," nikamwambia.

"Shika," akasema.

Tukamwinua. Mbuzi akaenda juu ya vitunguu, na zawadi zote, na mimi nikaketi kati yao wawili. Kutoka juu kule barabara ilionekana ndogo, na ule mgongo wa changarawe ulioninyima usingizi haukuonekana kabisa. Mutwiri aliendesha akitafuna miraa kimya. Mama mkwe aliegemeza kichwa begani mwangu, nami nikawa nahesabu pumzi zake hadi taa za mjini.

Mjini, wodini

Hospitali walimpokea upesi. Daktari kijana aliufungua mguu, akaondoa shati langu, akanusa, akauliza nani aliyeosha kwa maziwa. Nikasema ni mimi. Alisafisha kwa muda mrefu, kisha akasimama mbele ya kitanda na kusema kwa Kiswahili, nesi akitafsiri kwa Kiborana: kidole kikatwe asubuhi, la sivyo uozo utapanda na watakata mguu.

Mama mkwe alikataa. Alimjibu nesi kwa maneno mengi, na nesi akatugeukia. "Anasema dada yake aliambiwa kidole. Akalala, akaamka mguu hakuna. Anasema hawamdanganyi yeye."

Talaso alikuwa akilia kwenye simu. Ndugu zake bado hawakupatikana. Daktari akasema tena, polepole, na nesi akatafsiri tena, na mama mkwe akafunika uso kwa shali na kugeukia ukutani. Nilisimama mlangoni, mahali pa mkwe. Nilikuwa naogopa kuliko kwenye laga, kwa sababu kule nilijua pa kumbebea.

Ndipo akaita. Hakumwambia nesi aniite. Aliita jina langu mwenyewe, "Hassan," na nesi alishtuka, maana yeye ni wa huko na anajua.

Nikasogea hadi kitandani.

"Hawa hapana shika mguu yangu kule kwa laga," alisema. "Wewe naona. Wewe nashika. Usifiche mimi."

Nilimtazama usoni. "Mama, kidole kidogo kimekufa. Nilikibonyeza, hakina damu. Vile vingine ni vizima."

"Kweli?"

"Wallahi."

Alinishika mkono akaubana kwa nguvu ile aliyonibania shingoni majini. "Basi wakate," akasema. "Lakini wewe kaa hapo nje. Mtu hapana pita na kisu kubwa."

Nilikaa nje ya mlango wa chumba cha upasuaji asubuhi iliyofuata, na kila aliyepita na kitu kwenye trei nilisimama nikatazama. Walipomrudisha wodini alikuwa bado amelegea kwa dawa. Mguu ulikuwa chini ya shuka. Nesi alikuja kumwambia kwa Kiborana kwamba wamekata kimoja tu, na yeye hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Hesabu," aliniambia.

Nikainua shuka. Bendeji ilikuwa imeacha ncha za vidole wazi. Nilivigusa kimoja kimoja ili asikie, nikahesabu kwa lugha yake, kwa sauti ya wodi nzima kusikia: tokko, lama, sadi, afur.